Mega Drive ya awali na ile ya 1993: kwa nini muziki uleule hausikiki sawa?

#1 KasetiNyeusi

Wakuu, salamu.

Nina Mega Drive mbili, mashine za Sega za kuchezea michezo ya video, juu ya meza moja. Ya kwanza ni ile pana ya awali, yenye duara kubwa mgongoni, kitelezi cha sauti upande wa kushoto na tundu la hedifoni kwa mbele. Ya pili ni ile iliyosanifiwa upya mwaka 1993, ndogo, ya pembe nne, isiyo na tundu la hedifoni wala kitelezi. Kaseti ni moja tu, Sonic the Hedgehog ya 1991, ninaichomoa huku na kuichomeka kule. Mchezo ni uleule, lakini muziki si uleule. Kwenye mashine ya kwanza ngoma ya chini inapiga hadi kifuani. Kwenye ya pili inasikika kama mtu anayegonga debe chumba cha pili. Nimerudia jaribio hili wiki nzima, hadi watu wa nyumbani wameukariri wimbo wa hatua ya kwanza.

Dai langu ni kwamba walipoifanya ndogo ili iwe rahisi kuitengeneza, walikata sauti. Anayejua kilichokatwa anieleze, kwa kuwa ninaipenda ile ndogo kwa umbo lake na nilikusudia kubaki nayo, ile kubwa nimpe mdogo wangu.

#2 FundiRisasi

Mkuu, kilichokatwa kinajulikana. Mashine ya awali ina chipu ya Yamaha iitwayo YM2612, imekaa peke yake kwenye bodi na unaweza kuigusa kwa kidole. Ina chaneli sita, na kila chaneli huunda sauti kwa mawimbi manne yanayosukumana. Kwenye mashine nyingi za muundo wa pili hutaiona ukifungua, kwa sababu kazi yake imeingizwa ndani ya chipu moja kubwa pamoja na mambo mengine, na kilichoingizwa humo si YM2612 bali ni ndugu yake mdogo, YM3438. Hivyo ala yenyewe imebadilishwa. Ukimpa mpiga zeze zeze jingine, hata apige wimbo uleule, utasikia tofauti.

#3 SikioLaUsiku

Ninamheshimu FundiRisasi, na kuhusu chipu kuhamia ndani ya chipu kubwa amesema kweli, lakini anamtia hatiani asiye na kosa. YM3438 si dhaifu kuliko YM2612. Kwa kipimo cha usafi, ni bora.

YM2612 ina kasoro yake ya kuzaliwa. Sehemu inayogeuza namba kuwa umeme ina biti 9 tu, na pale karibu na ukimya, wimbi linapovuka kutoka juu kwenda chini, kuna mruko usiostahili kuwapo. Sauti ikiwa kubwa huusikii mruko huo. Sauti ikififia, ndipo unapojitokeza. Chukua wimbo wowote wenye noti ndefu inayokufa polepole, weka hedifoni, kisha usikilize mwisho wa noti hiyo: badala ya kuyeyuka kama moshi, inakwaruza, kama mtu anayeburuta kiti taratibu. Wapenzi wa mashine hii huita jambo hilo athari ya ngazi. Kwenye YM3438 mruko huo umepunguzwa sana. Kwa hiyo ikiwa mashine ya pili inasikika vibaya, tafuteni kosa mahali pengine, nje ya chipu.

Mahali penyewe ni njia ambayo sauti hupita baada ya kutoka kwenye chipu. Mashine za awali zina kikuza sauti cha Sony, CXA1034P, kilichokusudiwa hedifoni. Bodi za mwanzo za muundo wa pili hazina kitu hicho. Zina mzunguko wa bei nafuu wa kuchanganya na kuchuja, na huko ndiko besi inakofia.

#4 PediVifungoSita

SikioLaUsiku, umeitetea hiyo YM3438 kama mtoto wa kumzaa. Lakini naomba nikuulize kwa dhati: watunzi wa michezo ya mwanzo walitunga wakisikiliza mashine gani? Waliusikia mkwaruzo huo huo unaouita kasoro, na wengine wao bila shaka walitunga juu yake. Kuuondoa ni kufuta rangi ambayo mchoraji aliihesabu.

#5 SikioLaUsiku

Hilo nakubali, mkuu. Sikusema kwamba usafi ndio uzuri. Nilisema kwamba ngoma kusikika kama debe hakutokani na usafi.

#6 WayaMmoja

Kabla ya kuingia kwenye chipu, mwenye uzi atujibu swali moja: ulisikilizia wapi? Ile Mega Drive ya awali ina tabia ambayo wengi huisahau. Soketi ya nyuma, ile ya pini nane inayofanana na ya Master System, mashine ya Sega iliyotangulia, hutoa sauti ya mono tu. Stereo inapatikana kwenye tundu la hedifoni peke yake. Mashine ya pili haina tundu la hedifoni, lakini soketi yake ndogo ya nyuma yenye pini tisa imebeba stereo. Kama ya kwanza uliisikiliza kwa hedifoni na ya pili kwa spika za televisheni, basi hukulinganisha mashine mbili za michezo. Umelinganisha hedifoni na televisheni.

#7 KasetiNyeusi

WayaMmoja, umenishika. Ya kwanza niliiunganisha na spika kubwa kupitia tundu la hedifoni, na ya pili ilikuwa kwenye televisheni. Sikuona tatizo kwa kuwa ndivyo mashine zenyewe zinavyotaka ziunganishwe. Nitarudia kwa spika zilezile.

#8 Mtelezo1990

Mimi ninaleta sababu nyingine kabisa, kwa kuwa ilinitesa miaka. Nilikua na mashine ya awali ya mfumo wa televisheni wa 50 Hz, yaani picha 50 kwa sekunde. Nilipokuja kupata ya muundo wa pili, ilikuwa ya 60 Hz, na mara moja nikahisi muziki umekuwa mwepesi, unakimbia, hauna uzito. Nililaumu mashine mpya kwa kila kitu. Kumbe michezo mingi haikurekebishwa kwa ajili ya 50 Hz. Ilikuwa inakwenda polepole kwa takriban asilimia 17, na mimi nilikuwa nimezoea mwendo huo tangu utotoni. Mwenye uzi aangalie mashine zake zote mbili zimetoka mfumo gani.

#9 FundiRisasi

Hoja nzuri, ila niiweke sawa. Kwenye 50 Hz kinachopungua ni mwendo wa wimbo, si kimo cha sauti. Chipu ya Yamaha haihesabu kwa picha za televisheni. Inaendeshwa na saa kuu ya mashine, ambayo ikigawanywa hutoa kama 7.67 MHz kwa mfumo mmoja na 7.60 MHz kwa mwingine. Tofauti hiyo haifiki asilimia moja. Hivyo noti hukaa karibu palepale, bali nafasi kati ya noti na noti ndiyo hurefuka. Ngoma haiwezi kugeuka debe kwa sababu hiyo.

#10 Mtelezo1990

Nimekuelewa kuhusu kimo. Lakini uzito wa ngoma si kimo pekee. Ngoma ikipewa nafasi ya kupumua kabla ya nyingine kupigwa, inasikika nzito. Huo ni mwendo, na mwendo ulibadilika.

#11 BintiKapasita

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyeutaja umri. Hizi ni mashine za zaidi ya miaka 30. Ndani yake kuna kapasita za majimaji, vile vijipipa vidogo vinavyohifadhi umeme, na kapasita hizo hukauka. Zinapokauka kwenye njia ya sauti, kinachoondoka mwanzo ni besi, kisha sauti yote inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo.

Nilikuwa na mashine ya muundo wa pili ambayo kila aliyeisikia alisema ni ile mbaya. Nilitoa bodi, nikainamisha taa, na chini ya kapasita mbili karibu na soketi ya nyuma kulikuwa na doa la rangi ya chai, linalonata ukiligusa, lenye harufu ya samaki waliolala. Nilizitoa, nikasafisha bodi kwa spiriti na mswaki, nikaweka mpya. Sauti iliyotoka siku hiyo haikuwa sawa na ya mashine yangu ya awali, lakini haikuwa debe tena. Tangu hapo, kila ninaposoma mtu akisema modeli fulani ina sauti mbaya, ninajiuliza kama anazungumzia usanifu au uzee.

#12 WayaMmoja

BintiKapasita amesema jambo kubwa. Ningeongeza kwamba kitelezi cha mashine ya awali nacho huzeeka. Kikijaa vumbi, spika moja hukatika na kurudi. Kitelezesheni huku na huku mara kadhaa kabla ya kutoa hukumu yoyote.

#13 PediVifungoSita

Na adapta je? Niliwahi kuazima adapta ya kubadilisha vichwa kwa ajili ya mashine ya awali, na aliyeniazima akanihakikishia kwamba inafaa kwa zote mbili. Haifai. Ya awali inataka volti 9, na hasi iko katikati ya kichwa. Ya pili inataka volti 10, na katikati ni chanya. Sega wenyewe waliweka vichwa vya maumbo tofauti ili mtu asikosee, lakini adapta ya vichwa vingi inauondoa ulinzi huo. Nilisikia tiki moja, ukatoka moshi mwembamba, na ingawa mashine ilipona, upande wa kushoto wa hedifoni haujawahi kurudi sawasawa. Nimeumia sana, kwa kuwa ilikuwa ya kaka yangu. Ikiwa mashine imewahi kupitia hali hiyo, sauti yake haiwezi kuwa shahidi.

#14 FundiRisasi

Pole sana, ndugu. Vitu viwili vinavyozimudu volti hizo ndani ya mashine ya awali ni rekebishi za 7805, zimefungwa kwenye bati kubwa la kupoza. Ya pili inayo moja tu, kwa sababu bodi yake inakula umeme kidogo. YM2612 ilitengenezwa kwa teknolojia ya zamani yenye kula umeme na kutoa joto. YM3438 ni ya teknolojia iliyofuata. Huo ni upande ambao muundo wa pili unashinda bila ubishi: ni nyepesi na haipati moto.

#15 MzeeWaDiski

Naongeza kidogo tu. Mwenye Mega-CD, kile kifaa cha kuongezea Mega Drive uwezo wa kusoma diski, anaujua usumbufu wa ile stereo ya mbele: kwenye mashine ya awali ulilazimika kuvuta waya kutoka tundu la hedifoni hadi nyuma ya Mega-CD ili sauti mbili zichanganyike kwa stereo. Kwa muundo wa pili waya huo hauhitajiki. Kwa upande mwingine, kile kigeuzi cha kwanza cha kuchezea kaseti za Master System hakikai juu ya mashine ndogo kwa sababu ya umbo lake; Ulaya kilitengenezewa ndugu yake baadaye. Kila badiliko lilitoa na kuchukua.

#16 SikioLaUsiku

Turudi kwenye sauti. Ninapendekeza namna ya kupima ambayo haimtegemei mtu kukumbuka, na kaseti aliyonayo mwenye uzi inafaa kabisa.

Kwanza, ile kwaya inayoimba "SEGA" mashine inapowaka. Hiyo ni sauti iliyorekodiwa, inapitia chaneli ya sita ya chipu ya Yamaha ikiwa imegeuzwa kuwa njia ya kurekodiwa, na wakati huo hakuna kitu kingine kinacholia. Ukiilinganisha kwenye mashine zote mbili, umelinganisha njia hiyo peke yake.

Pili, ngoma ya chini ya wimbo wa kwanza nayo inapitia njia hiyo hiyo, ilhali ule mlio mwembamba wa "tss tss" unaoufuata hautoki Yamaha kabisa. Unatoka kwenye jenereta ya kelele ya ile chipu ndogo ya sauti ya enzi za Master System, ambayo Sega waliibakiza ndani ya chipu ya picha. Sauti hizi mbili hukutana kwenye mzunguko wa kuchanganya. Ikiwa kwenye mashine moja "tss" imeifunika ngoma, na kwenye nyingine ngoma ndiyo juu, basi mzunguko wa kuchanganya ndio umebadilika, na dai langu linasimama. Ikiwa uwiano ni uleule ila vyote ni vyembamba, basi BintiKapasita ana haki zaidi yangu.

Tatu, pete. Katika mchezo huo pete moja hulia kushoto, inayofuata hulia kulia. Kama husikii zikipokezana, uko kwenye mono na jaribio lako halifai.

#17 FundiRisasi

SikioLaUsiku, kwa maelezo hayo nami narekebisha kauli yangu ya mwanzo. Nilizungumzia mawimbi manne ya kila chaneli, lakini ngoma iliyorekodiwa haitumii mawimbi hayo. Ila angalia: inatumia ile sehemu ya kugeuza namba kuwa umeme, ambayo ndiyo iliyobadilika kati ya YM2612 na YM3438. Kwa hiyo chipu bado haijatoka kizimbani.

#18 DuaraLaDhahabu

Wakuu, nyote mnasema "ya kwanza" na "ya pili" kana kwamba ni mashine mbili. Kwa majina ni mbili, lakini kwa bodi ni nyingi. Ile ya awali ilipitia matoleo kadhaa ya bodi, kila moja likiwa na namba yake inayoanza na VA, na bodi yake ya VA7 iliondolewa kikuza sauti cha Sony, ikapewa mzunguko unaofanana na ule unaolalamikiwa kwenye muundo wa pili. Yaani kuna Mega Drive pana, yenye duara, yenye tundu la hedifoni, ambayo ina sauti ya ile ndogo. Na kwa upande wa pili kuna bodi ya VA4 ya muundo mdogo, ambayo wakusanyaji wengi huisifu kuwa na sauti safi. Ninayo hiyo VA4 na sibadilishani na mtu.

Kwa nje, kipimo cha haraka ni maandishi ya HIGH DEFINITION GRAPHICS yaliyozunguka duara. Ikiwa hayapo kwenye mashine iliyotoka Marekani, kuwa na mashaka.

#19 MzeeWaDiski

Kipimo hicho hakifai kila mahali. Mashine za Japani, ambako Mega Drive ilianza kuuzwa tarehe 29 Oktoba 1988, zina maandishi mengine: AV INTELLIGENT TERMINAL HIGH GRADE MULTIPURPOSE USE. Mtu akitafuta maneno ya Kimarekani juu ya mashine ya Kijapani, ataitupa mashine nzuri. Kipimo cha kweli ni namba iliyochapishwa kwenye bodi.

#20 DuaraLaDhahabu

Sahihi, mzee. Asante kwa kunirekebisha.

#21 KasetiNyeusi

Nimerudi, wakuu. Nilitenga jioni nzima. Spika ni zilezile, waya ni uleule, televisheni nimeitumia kwa picha tu. Kitelezi cha mashine ya awali nimekiweka katikati, kwa kuwa kikipanda juu kabisa sauti inapasuka. Zote mbili ni za 60 Hz, kwa hiyo hoja ya Mtelezo1990 haihusiki kwangu. Pete zinapokezana kushoto na kulia kwenye zote.

Kwanza niseme kwamba WayaMmoja alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Televisheni ndiyo iliyokuwa inakula besi nyingi. Kwenye spika, ngoma ya mashine ya pili si debe tena.

Lakini tofauti haikuisha. Ile kwaya ya "SEGA" kwenye mashine ya pili ina ukungu juu yake, herufi "S" haichomozi. Na "tss" ya wimbo, kama alivyotabiri SikioLaUsiku, iko mbele zaidi kwenye mashine ya pili kuliko kwenye ya kwanza. Nimewaita watu wawili wa nyumbani, nikawageuza wakatazama ukuta, nikabadilisha mashine bila kuwaambia. Mmoja alitambua kila mara. Mwingine alisema hasikii chochote.

Jambo linalonichanganya ni hili. Baada ya kusoma post ya 18 niligeuza mashine yangu ya awali kuelekea taa. Ni ya Marekani, ina jina la Genesis, ambalo ndilo jina la Mega Drive huko, na maandishi ya HIGH DEFINITION GRAPHICS hayapo. Yaani mashine ninayoisifia ndiyo ile ambayo mngesema ni mbaya.

#22 SikioLaUsiku

Basi hii ni mara yangu ya kwanza kukutana na hali hiyo. Ikiwa ni VA7 kweli, "tss" ilipaswa kuwa mbele kwenye zote mbili.

#23 BintiKapasita

Au VA7 yako iliwahi kufunguliwa na mtu akaibadilishia kapasita, na ile ndogo haijawahi kuguswa. Ulinunua ikiwa imetumika?

#24 KasetiNyeusi

Zote mbili zimetumika. Historia yake siijui.

#25 PediVifungoSita

Au sikio lako limelelewa na mashine hiyo, na linaisamehe. Sisemi kwa kukudharau. Mimi mwenyewe naipenda ile ya kaka yangu yenye upande mmoja kuliko nzima niliyonunua baadaye.

#26 DuaraLaDhahabu

Yule aliyetazama ukuta hakulelewa nayo, na alitambua kila mara. Kutokuwapo kwa maandishi ni dalili tu, mkuu. Fungua mashine zote mbili kwa bisibisi ya nyota, uinue lile bati la kinga, usome namba ya bodi na uangalie kama kuna chipu iliyoandikwa CXA1034P. Piga picha upande wa soketi ya nyuma pia, ili BintiKapasita aone kapasita.

#27 KasetiNyeusi

Ndogo nimeifungua sasa hivi. Bodi ni VA1. Kapasita zinaonekana kavu juu, lakini chini ya moja karibu na soketi pana rangi ya chai, na inanata.

Kubwa ina skrubu moja iliyoliwa kichwa, haitoki. Nimeiwekea mafuta, nitaijaribu tena kesho asubuhi. Mdogo wangu nimemwambia asubiri.